Cochinita pibil: nguruwe wa Yucatán wa kuchambua, kwa jiko la nyumbani

Meksiko ina njia nyingi za kupika nguruwe mpaka nyama ichambuke kwa vidole. Jimbo la Michoacán huikaanga polepole ndani ya mafuta yake yenyewe na kuiita carnitas. Yucatán, rasi iliyo kusini-mashariki mwa nchi, huipaka kiungo chekundu cha achiote kilichoyeyushwa kwa maji ya danzi, huifunga kwa majani ya mgomba, kisha huifukia ardhini juu ya mawe ya moto hadi asubuhi. Hiyo ya pili ndiyo cochinita pibil. Cochinita ni nguruwe mdogo. Pibil maana yake kilichopikwa ndani ya pib, shimo la kuokea la Wamaya. Kabla ya Wahispania kuleta nguruwe katika karne ya 16, shimoni waliingia paa na bata mzinga.

Tumeichagua hii kwa sababu mpishi wa Mombasa, Tanga au Unguja haendi mbali kutafuta viungo vyake. Danzi lipo, jani la mgomba lipo, karafuu na mdalasini vipo. Pilipili mbuzi ni ndugu wa karibu wa habanero ya Yucatán. Hata achiote, kiungo ambacho wengi hudhani lazima kiagizwe kutoka nje, ni mbegu ya biksa inayolimwa Kwale na kuuzwa ng'ambo kutia rangi siagi na jibini. Vitabuni mti wake huitwa mzingefuri, na wengine huuita mrangi.

Jambo moja lieleweke mapema: wekundu wa chakula hiki hautokani na pilipili. Nyama yenyewe haina ukali. Ladha yake ni ya udongo kidogo kutoka kwenye biksa, uchachu wa danzi na harufu ya jani lililoungua. Pilipili hukaa pembeni, kila mtu ajichukulie. Ukiitia pilipili ndani ya nyama umeshafunika kile ulichokuwa unakitafuta.

Nyama

Nunua bega, yaani sehemu ya juu ya mguu wa mbele. Kilo 2 bila mfupa, au kilo 2.5 na mfupa wake. Bega lina mafuta yaliyopita katikati ya nyama na lina kano nyingi, na hizo kano ndizo zinazoifanya nyama iwe laini na yenye kunata ikishapikwa saa nyingi: kolajeni iliyomo huyeyuka ikawa jelatini. Sarara haina kano wala mafuta ya kutosha; ukiipika saa nne itachambuka, ndiyo, lakini itakuwa kama nyuzi za katani mdomoni. Paja liko katikati ya hayo mawili. Ukikosa bega tumia paja, na uongeze gramu 300 za nyama ya tumbo yenye mafuta.

Mwambie muuza bucha asiondoe mafuta yote ya juu. Unene wa nusu sentimita ubaki. Ngozi itolewe, maana haitalainika vizuri ndani ya jani.

Angalia nyama kabla ya kulipa. Nunua iliyopigwa mhuri wa mkaguzi. Ukiona ndani ya msuli vifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele hadi njegere, hiyo ni minyoo ya tegu katika hatua yake ya lava. Iache, hata kama muuzaji anapunguza bei. Upishi huu huivusha nyama mbali na kiwango cha usalama, lakini kisu, ubao na mikono vitakuwa vimeshaigusa ikiwa mbichi.

Kata vipande vya ukubwa wa ngumi, gramu 300 hadi 400 kila kimoja. Vipande vidogo kama vya mchuzi hukauka, na nyuzi zake huwa fupi mno.

Viungo vya kilo 2

- Mbegu za biksa, gramu 50 (vijiko 4 vya chakula vilivyojaa)
- Kitunguu saumu, punje 8 kubwa, zisimenywe
- Pilipili manga nzima, kijiko 1 cha chai
- Jira (bizari nyembamba), nusu kijiko cha chai
- Karafuu 4
- Mdalasini, kijiti cha sentimita 2
- Pimento, punje 6. Ukikosa, ongeza karafuu 1 na kungumanga iliyokwaruzwa, robo kijiko cha chai
- Oregano kavu, kijiko 1 cha chai
- Chumvi, gramu 25 (vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa)
- Maji ya danzi, mililita 300
- Siki, vijiko 2 vya chakula
- Mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa, gramu 60. Mafuta ya kupikia ya kawaida yanafaa pia
- Majani ya mgomba, makubwa 3 au 4

Pimento ni tunda kavu la ukubwa wa pilipili manga lenye harufu ya karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Halikosekani katika kiungo cha Yucatán, lakini mbadala uliotajwa hapo juu unakaribia sana.

Danzi nalo lina uchachu na uchungu kwa pamoja, na uchungu huo ndio unaokata mafuta. Kama msimu wake umepita, changanya mililita 150 za maji ya chungwa, mililita 100 za ndimu na mililita 50 za siki. Hapo siki ya vijiko viwili iache. Maji ya chungwa peke yake hayafai kabisa: nyama itakuwa tamu. Unapokamua danzi usilibane mpaka ganda litoe mafuta yake, kwa sababu yakichemka saa nne uchungu wake huzidi ukawa wa dawa.

Kushinda ugumu wa biksa

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mbegu ya biksa ni ngumu kama kokoto. Rangi yote iko kwenye ganda la nje, ile ngozi nyekundu inayopaka vidole. Ndani kuna kiini cheupe kisicho na kazi kwetu. Mbegu nzuri ni nyekundu ya tofali mbichi, na ukiisugua kiganjani huacha alama ya rangi ya chungwa. Ikiwa imegeuka kahawia na haiachi alama, imekaa sana kwenye mwanga, na huwezi kuifufua kwa kuongeza kipimo. Utaongeza uchungu tu.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo bora: chemsha mbegu kwa kikombe kimoja cha maji kwa dakika 10, funika, ziache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, tia mbegu kwenye blenda pamoja na nusu ya maji ya danzi, saga dakika 3 hadi 4 ukipumzisha mashine katikati. Chuja kwa chujio la matundu madogo, rudisha makapi, tia danzi iliyobaki, saga tena, chuja tena. Usiruke kuchuja. Vipande vya kiini visivyosagika hubaki kama mchanga kwenye meno, na hakuna upishi unaoviondoa baadaye.

Njia ya pili ni ya mafuta. Rangi ya biksa huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Weka zile gramu 60 za mafuta kwenye kikaango kidogo, tia mbegu zikiwa kavu, moto mdogo sana, dakika 5 mpaka 7. Mafuta yakishakuwa mekundu kama mawese, chuja na utupe mbegu. Usiondoke hapo jikoni. Mafuta yakianza kutoa moshi rangi hugeuka kahawia na uchungu hauondoki tena. Njia hii inatoa rangi safi na ni nyepesi kwa asiye na blenda nzuri, lakini ladha yake ya udongo ni pungufu kidogo.

Kwa kinu na mchi inawezekana, mbegu zikiwa kavu na ukisaga pamoja na chumvi ili ziumane. Tenga nusu saa na mkono wenye nguvu.

Asiye na biksa atashauriwa kutia manjano na paprika. Rangi atapata, lakini ladha ya biksa itakosekana, na atakuwa amepika chakula kingine, kizuri pengine, chenye jina lingine.

Kiungo chenyewe

Weka punje za kitunguu saumu na maganda yake kwenye kikaango kikavu, moto wa kati, ukizigeuza kwa dakika 10 hadi ganda liwe na madoa meusi na ndani ziwe laini. Zimenye. Weusi wa ganda ni sawa; nyama ya ndani ikiungua itupe. Kaanga pilipili manga, jira, karafuu, mdalasini na pimento bila mafuta kwa dakika moja tu, mpaka harufu ipande, kisha saga.

Changanya vyote: biksa uliyochuja na danzi, kitunguu saumu, viungo vilivyosagwa, oregano, chumvi, siki na mafuta. Aliyefuata njia ya mafuta atumie hayo mafuta mekundu, na maji ya danzi ayatie yote hapa. Uzito wake uwe kama uji mwepesi. Onja: uwe mchachu na wa chumvi kupita unavyopenda. Nyama itaumeza.

Hiki ndicho Wayucatán hukiita recado rojo, ingawa wao hukitengeneza kikiwa kizito kama udongo wa mfinyanzi na kukiuza sokoni kwa matofali madogo, kisha mpishi hukiyeyusha nyumbani kwa maji ya danzi. Ukipata tofali la dukani, gramu 100 zinatosha kilo 2. Punguza chumvi hadi gramu 18, kwani nalo lina yake.

Kuroweka

Tumia bakuli la kioo, la plastiki, la enameli au la chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya aluminiamu, ile tuliyo nayo karibu kila nyumba, haifai kwa kazi hii. Uchachu wa danzi hula aluminiamu, nyama hupata ladha ya chuma na sufuria hubaki na vitundu.

Paka kila kipande pande zote, funika, weka kwenye friji saa 8 hadi 24. Usipitishe hapo. Asidi ikikaa sana hufanya na nyama ya juu kile ambacho moto ungefanya: huigandisha, na ikipikwa huwa ya unga unga. Kwa asiye na friji, saa 2 mahali penye ubaridi zinatosha; mengi ya ladha yataingia wakati wa kupika kwa vile kiungo chote kinaingia sufuriani na nyama.

Vaa nguo nyeusi, au kanga isiyokuuma roho.

Majani ya mgomba

Jani bichi linalotoka shambani likikunjwa hupasuka. Lazima lipite motoni. Toa uti wa katikati kwa kisu, na usiutupe. Kata jani vipande vya sentimita 50, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha libabue juu ya mwali wa gesi au makaa, ukilivuta taratibu. Utaona rangi ikibadilika kutoka kijani kibichi cha mpauko hadi kijani kilichokolea chenye kung'aa. Hapo hapo lisogeze mbele. Sekunde 5 kwa kila sehemu. Likianza kuwa kahawia limekauka na litavunjika.

Mpishi wa luwombo, kitoweo kinachofungwa kwa jani la mgomba kule Uganda, atalitambua zoezi hili mara moja, ni lilelile.

Tandika majani mawili yakiingiliana kama msalaba ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko, upande unaong'aa ukielekea juu, ncha zikining'inia nje. Weka jani la pili juu ya kila moja: tabaka mbili. Tabaka hizo ndizo zitakazokuruhusu kutumia sufuria ya aluminiamu sasa, maana mchuzi hautaigusa. Panga nyama, mimina kiungo chote kilichobaki bakulini, kunja ncha za majani juu ya nyama, kisha funika kwa jani jingine. Usijaze maji ndani. Nyama itatoa maji yake yenyewe, kama vikombe 2.

Kupika

*Oveni.* Nyuzi 160 za Selsiasi, sufuria au trei ikiwa imefunikwa kabisa kwa mfuniko, au foili tabaka mbili iliyobanwa kingoni. Saa 3 na nusu. Usifungue kabla ya saa 3. Kila ukifungua mvuke hutoka, na mvuke ndio mpishi wako.

*Mkaa.* Hii ndiyo inayokaribia shimo la Wamaya, na ikifanywa vizuri inaishinda oveni. Chukua zile uti za majani, zikate, zipange ndani ya sufuria, chini kabisa, zisimame kama kichanja. Tia maji vikombe 2 chini yake, kisha ndipo utandike majani na nyama juu. Ziba mfuniko kwa ukanda wa unga wa ngano uliokandwa, kama unavyoziba biriani, lakini acha upenyo mdogo upande mmoja.

Anza na moto mkali hadi mvuke uchomoze penye upenyo, kama dakika 20. Kisha punguza makaa yabaki konzi mbili chini, na palia mengine juu ya mfuniko. Ongeza makaa machache kila dakika 45. Baada ya saa 2 mimina kikombe kimoja cha maji ya moto kupitia upenyo, pembeni ya majani. Ukisubiri harufu ya kuungua ndipo uongeze, umechelewa. Jumla ni saa 4. Fanya kazi hii nje au penye upepo, kwa sababu makaa yanayowaka saa nne ndani ya chumba kilichofungwa yanaua.

Aliye Nairobi au sehemu nyingine ya juu aongeze dakika 30 hadi 45 kwa njia hii ya mvuke. Kule maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, na kano huyeyuka polepole zaidi.

*Sufuria ya presha.* Dakika 60 tangu ianze kupiga mluzi, na tia kikombe kimoja cha maji chini. Nyama italainika bila shaka. Utakachopoteza ni harufu ya jani, na mchuzi utakuwa mwingi na mwepesi, hivyo itakubidi uukaushe baadaye kwa dakika 15. Kwa siku ya kazi inakubalika. Kwa sikukuu, hapana.

*Shimo.* Kwa kilo 2 ni kupoteza kuni. Ukiwa na kilo 10 na kuendelea, chimba sentimita 70 kwenda chini, tandika mawe, choma kuni ngumu juu yake saa 2 hadi 3 mpaka mawe yapauke na kuni zigeuke makaa. Mawe yasitoke mtoni: yana maji ndani na hupasuka kwa kishindo yakishika moto. Shusha chombo cha chuma chenye nyama iliyofungwa, funika kwa mfuniko wake, majani mabichi, bati, halafu udongo, na zibe kila mahali unapoona moshi. Saa 8 hadi 12. Moshi ukiendelea kutoka, hewa inaingia, na hewa ikiingia makaa yataungua haraka na kuzimika kabla nyama haijaiva.

Utajuaje imeiva

Saa ni makadirio tu. Ingiza uma katikati ya kipande kikubwa na uuzungushe. Nyuzi zikiachana bila wewe kutumia nguvu, imeiva. Uma ukizunguka na kipande kizima, rudisha, dakika 30 nyingine. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 90 hadi 93 katikati. Watu wengi hutoa nyama ikiwa na nyuzi 75, wakaiona ngumu, wakadhani wamepitiliza. Ni kinyume chake: hapo ndipo nyama huwa ngumu kuliko wakati wowote, kwa sababu imeshabana na kano bado hazijayeyuka.

Kuchambua

Iache itulie ndani ya mchuzi wake dakika 20 hadi 30. Ikichambuliwa ikiwa inatoka motoni, mvuke wote huondoka na unyevu wake.

Toa vipande kwenye sinia. Chambua kwa uma mbili au kwa vidole, ukifuata nyuzi, upate vipande virefu vya urefu wa kidole. Usichambue mpaka nyama iwe kama pamba; ikifika hapo mchuzi hauishiki tena, unalowesha tu. Ondoa mifupa na mabonge makubwa ya mafuta, lakini yale malaini yaliyoyeyuka nusu yachanganye ndani.

Mchuzi uliobaki uchuje kwenye sufuria ndogo isiyo ya aluminiamu. Mafuta mekundu yataelea juu. Engua nusu na uyahifadhi, ni mazuri sana kwa kukaangia mayai au maharage. Uchemshe mpaka ubaki kama kikombe kimoja na nusu, kisha uumwage juu ya nyama iliyochambuliwa na uchanganye. Sasa onja chumvi. Kama ladha inaonekana imelala, kinachopungua kwa kawaida ni uchachu: kamulia nusu ndimu.

Kilo 2 za nyama mbichi hutoa kilo 1.2 hadi 1.3 iliyochambuliwa. Inatosha watu 8 au 9, taco tatu kila mmoja, yaani tortilla (mkate mwembamba wa mahindi) tatu zilizokunjwa na nyama ndani.

Vitunguu na pilipili

Cochinita bila vitunguu vya danzi haijakamilika. Kata vitunguu maji vyekundu 2 viwe vyembamba sana, vimwagie maji yanayochemka, hesabu hadi 20, mwaga maji. Tia mililita 120 za danzi (au nusu ndimu nusu siki), kijiko 1 cha chai cha chumvi na oregano kidogo. Viache saa 2. Vitageuka rangi ya waridi yenyewe, ni kazi ya asidi kwenye rangi ya kitunguu. Babua pilipili mbuzi moja kwenye kikaango, itoboe kwa uma, iweke nzima ndani ya bakuli itoe harufu zaidi ya ukali.

Wanaotaka moto wenyewe wana xnipec: pilipili mbuzi 2, kitunguu nusu, nyanya 1, vyote vimekatwa vidogo na kulowekwa kwa danzi na chumvi. Jina hilo la Kimaya maana yake ni pua ya mbwa, kwa jinsi inavyomfanya mlaji awe na pua yenye majimaji.

Tule na nini

Kule ni tortilla ya mahindi. Unga wetu wa sembe au dona hautengenezi tortilla hata ukiukanda vipi, utapasuka ukiusukuma. Mahindi ya tortilla huchemshwa kwanza na chokaa ya chakula kisha ndipo yakasagwa, na chokaa hiyo ndiyo inayofanya donge lishikane. Ukipata unga uliokwisha tayarishwa hivyo, unaouzwa kwa jina la masa harina, kanda vikombe 2 na kikombe 1 na nusu cha maji ya vuguvugu, acha dakika 15, gawa madonge ya gramu 30, bana kila moja kati ya karatasi mbili za plastiki. Kikaango kikavu cha moto mkali: sekunde 20, geuza, dakika 1, geuza tena mpaka ivimbe.

Usipoupata, usijitese. Yucatán wenyewe huila cochinita ndani ya mkate wenye ganda gumu, hasa Jumapili asubuhi wanapoinunua sokoni Mérida kabla haijaisha. Boflo iliyopasuliwa katikati, nyama, kijiko cha mchuzi na vitunguu vya danzi ni mlo halali kabisa. Chapati ya tabaka yenye mafuta mengi ndiyo tusiyoipendekeza. Mafuta juu ya mafuta huua uchachu.

Ikiharibika

Nyama ikiwa kavu ingawa imechambuka, kosa lilikuwa dukani: ulichukua nyama isiyo na mafuta. Ichanganye na mchuzi wote na mafuta mekundu uliyoengua, iache saa moja.

Uchungu hutoka sehemu tatu: kitunguu saumu kilichoungua, biksa iliyopita moto, au ganda la danzi. Kijiko cha chai cha sukari na chumvi kidogo hupunguza, havimalizi.

Rangi ikiwa hafifu ya waridi badala ya nyekundu, mbegu zilikuwa za zamani au ulisahau mafuta. Kwa sasa hakuna la kufanya; ladha bado italika.

Mchuzi ukiungua chini, usikorogee wala kukwangua. Hamisha nyama na majani yake kwenye sufuria nyingine, na kiache kilichoshika.

Kwa wasiokula nguruwe

Yucatán wana pollo pibil, kuku kwa kiungo kilekile, na hiyo si ya kubuni. Chukua mapaja na miguu, kilo 2, biksa gramu 30, mengine yabaki. Roweka saa 4, si zaidi. Oveni nyuzi 160, saa 1 na dakika 20. Kifua hakifai, hukauka kabla ya jani kutoa harufu.

Kuhifadhi

Siku ya pili huwa tamu zaidi, kwa hiyo kupika Jumamosi kwa ajili ya Jumapili ni mpango mzuri. Ipooze ndani ya saa 2, weka kwenye friji siku 3. Kwenye freza igawe mafungu ya gramu 250, kila fungu na mchuzi wake, miezi 2. Ipashe kwa moto mdogo ikiwa imefunikwa na maji vijiko 2. Ukiipasha wazi kwenye kikaango pembe zake hukakamaa.

Na doa la biksa kwenye nguo: usianze na maji. Lipake mafuta ya kula, sugua, acha dakika 10, ndipo sabuni. Kitakachobaki kianike kwenye jua kali siku mbili tatu. Rangi hii haivumilii mwanga.